Ile Makala Uliyoisoma Zamani: Jinsi ya Kuifukua Ukiwa Nairobi

Shangazi yangu wa Kaloleni alinipigia simu Jumamosi moja akitaka kitu kimoja tu: picha ya marehemu mumewe. Ilitoka kwenye jarida, akasema, marehemu ameinama juu ya injini ya basi la KBS (Kenya Bus Service) katika gereji ya Eastleigh, na makala yenyewe ilihusu mafundi wa mabasi ya mji. Jarida ni Drum. Lilikuwa la Kiswahili. Mwaka ni ule aliofariki Mzee Kenyatta. "Wewe si unajua mambo ya maktaba, baba? Nitafutie."

Jina la jarida, lugha na mwaka: yote matatu aliniapia, na yote matatu hayakuwa kweli. Lakini picha ilikuwepo. Niliipata baada ya wiki tatu, na ningeipata kwa siku nne kama ningemsikiliza vizuri tangu mwanzo. Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kwa mpangilio ambao ningeufuata leo.

Anza na karatasi, simu iache mfukoni

Ukikimbilia Google mapema, utaona vichwa vya makala vinavyofanana na chako, na baada ya dakika kumi hutajua tena kipi ulikikumbuka mwenyewe na kipi umekisoma sasa hivi. Chukua karatasi uigawe sehemu tatu: niliyoyaona kwa macho, niliyoambiwa, ninayodhani tu. Jina la jarida karibu kila mara linastahili kukaa sehemu ya tatu. Watu wa rika la shangazi wakikumbuka picha nzuri ya zamani husema ni Drum, kama vile wengi wetu tunavyoita dawa yoyote ya meno Colgate.

Kisha jiulize mambo ambayo hayahusu makala yenyewe. Ulikuwa wapi ulipoisoma? Umekaa kwenye nini? Nani alikuwa chumbani? Ulikuwa darasa la ngapi, au mtoto wa ngapi alikuwa mgongoni? Karatasi ilikuwa laini ya kung'aa au ile ya kawaida? Ulikunja nini ili usome? Tangazo gani lilikuwa pembeni?

Kama unamhoji mtu mwingine, usimtilie maneno kinywani. Ukisema, "Ilikuwa na rangi, sivyo?" atakubali, na kuanzia hapo rangi itakuwa sehemu ya kumbukumbu yake. Uliza, "Ilikuwaje?" kisha nyamaza.

Nilipomuuliza shangazi alikuwa wapi, alicheka. Alikuwa jikoni kwa mama mkwe, mama mkwe anakata sukuma, yeye amekaa kwenye kigoda anamsomea, tumbo limemjaa hata gazeti haliwezi kukaa mapajani. Tumbo hilo lilikuwa la binamu yangu aliyezaliwa Aprili 1980. Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978. Kwa swali moja mwaka ukawa umehama. Na mama mkwe hakujua Kiingereza, kwa hiyo shangazi alikuwa anatafsiri huku anasoma. Makala ilikuwa ya Kiingereza; Kiswahili kilikuwa cha kinywa chake mwenyewe. Hili nimeliona mara nyingi tangu hapo: mtu huikumbuka makala katika lugha aliyoisimulia, wala si ile iliyochapishwa. Hapa Nairobi, ambako tunasoma kwa lugha moja na kupiga soga kwa nyingine, tafuta kwa lugha zote mbili bila kubishana na nafsi.

Alisema mambo mengine mawili: kulikuwa na tangazo la viatu vya kike kando ya picha, na wino ulimshika vidoleni hata mama mkwe akamkataza kugusa mboga. La viatu nililiandika. La wino nililiona porojo, nikaliacha.

Tafuta tarehe, jina litakuja lenyewe

Maktaba nyingi hazina orodha ya makala moja moja. Zina orodha ya majarida, na majarida yamepangwa kwa tarehe. Kwa hiyo ukiwa na kichwa cha makala bila tarehe una kidogo sana, lakini ukiwa na tarehe bila kichwa, kazi iliyobaki ni ya kufunua kurasa tu.

Tarehe hukaa ndani ya vitu. Tangazo la simu pekee linaweza kukupa dirisha la miaka michache: Kencell ilianza 2000, ikaitwa Celtel 2004, Zain 2008, kisha Airtel 2010. Ukikumbuka M-Pesa imetajwa, hukosi kuwa baada ya Machi 2007. Namba za magari ni kalenda nzuri kuliko watu wanavyodhani: mfululizo wa KAA ulianza 1989 na wa KBA 2007, kwa hiyo gari jipya lenye KBA kwenye picha haliwezi kuwa la enzi za Moi. Matatu yenye ukanda wa manjano inakupeleka 2004 na kuendelea, baada ya sheria za Waziri Michuki. Mtoto anayezungumzia CPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, ni wa kabla ya 1985, mwaka wa kwanza wa KCPE ulioufuata. Redio ya taifa ikiitwa Sauti ya Kenya, uko kabla haijaitwa KBC mwaka 1989. Televisheni ya KTN ikitajwa, ni 1990 au baadaye. Kaunti zikiwa na magavana, 2013 au baadaye.

Majengo nayo husema. Jumba la mikutano la KICC lilifunguliwa 1973, na uwanja wa Kasarani ulikuwa tayari kwa Michezo ya Afrika ya 1987. Kama unakumbuka picha ya Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie na ubalozi wa Marekani umesimama pale, picha hiyo ilipigwa kabla ya tarehe 7 Agosti 1998.

Kuna mitego miwili. Picha inaweza kuwa nzee kuliko makala, maana wahariri hutumia walichonacho kwenye faili. Na siku uliyoisoma ni ukingo wa mwisho tu, haikuambii ilichapishwa lini. Jarida ulilolikuta kwa kinyozi huenda lilikuwa na umri wa miaka mitatu na jalada lilishang'oka. Jarida la mwezi nalo huandaliwa wiki nyingi kabla, kwa hiyo tukio la Desemba unaweza kulikuta kwenye toleo la Februari. Nikishapata dirisha langu, huwa nalipanua miezi mitatu kila upande. Dirisha la shangazi lilikuwa Novemba 1979 hadi Aprili 1980. Mtoto akishazaliwa hakuna tumbo tena.

Jarida gani lilikuwa hai wakati huo?

Sasa ndipo jina linapoingia, na linaingia kwa kuondoa yasiyowezekana. Joe, lile la vichekesho la Hilary Ng'weno na Terry Hirst, lilianza 1973. The Weekly Review, pia la Ng'weno, lilitoka 1975 hadi 1999. Kama unakumbuka uchambuzi mrefu wa siasa na hakuna hata tangazo la mafuta ya nywele, anzia hapo. Parents lilianza 1986, kwa hiyo makala ya ndoa uliyoisoma 1982 haikutoka humo hata kama unaona jalada lake akilini. Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara ni la 1987. Drum lenyewe lilizaliwa Afrika Kusini 1951, na toleo la Afrika Mashariki likauzwa kwetu, jambo ambalo linachanganya: ukiona mkusanyiko wa Drum mtandaoni, hakikisha kwanza ni wa toleo gani, maana yaliyomo hayakuwa sawa.

Majarida yaliyopigwa marufuku yana tabu yake. Beyond lilifungwa 1988 baada ya kuandika kuhusu uchaguzi wa mlolongo, ule wa wapiga kura kujipanga foleni nyuma ya mgombea wao, na jarida la namna hiyo watu walilichoma au walilificha chini ya godoro. Tafuta nakala ng'ambo au kwa watu binafsi kabla ya kuchoka na rafu za hapa.

Halafu kuna uwezekano ambao watu wengi hawaufikirii: kwamba halikuwa jarida. Nusu ya "makala za jarida" nilizowatafutia watu zilitoka kwenye kurasa za katikati za magazeti ya Jumamosi na Jumapili. Safu nazo huhama. Whispers ya marehemu Wahome Mutahi ilianzia upande wa Standard kabla ya kuhamia Sunday Nation, kwa hiyo anayeapa aliisoma kwenye gazeti moja na anayeapa ni lingine wanaweza kuwa wakweli wote wawili.

Na hapa ndipo wino wa shangazi ulipaswa kunizindua. Karatasi ya jarida inayong'aa haiachi wino vidoleni. Ya gazeti huacha. Nilikuwa nimeshaamini ni Drum, nikapoteza wiki mbili.

Mtandaoni, kwa akili

Usiandike sentensi nzima kwenye kisanduku cha kutafutia. Chagua maneno mawili au matatu ambayo makala nyingine zisingekuwa nayo, uyafunge kwa alama za kunukuu: jina la mtaa, jina la gereji, neno la kazi. Badilisha tahajia. Eastleigh, Eastlea, Isili. Majina ya watu na herufi zilizoongezwa au kuachwa. Mashine zinazosoma kurasa za zamani hukosea sana, hasa pale wino ulipofifia.

Google Books ndiyo chombo ninachokitegemea zaidi kwa majarida ya zamani ya Kenya, ingawa hukuonyesha vipande vya mistari mitatu tu. Kuna jambo la kujua: tarehe inayoandikwa hapo mara nyingi si ya toleo lenye kipande chako, kwa sababu majarida hujalidiwa mwaka mzima pamoja na wakati mwingine hupewa mwaka wa toleo la kwanza kabisa. Kwa hiyo usibane utafutaji kwa miaka. Ukipata kipande, tafuta ndani ya jalada hilohilo majina ya miezi, au tukio unalolijua tarehe yake, uone kurasa zinazokaribiana na yako. HathiTrust, maktaba ya mtandaoni, nayo hukupa namba za kurasa zenye neno lako hata pale isipokuruhusu kuzisoma, na hiyo inatosha kumwandikia mkutubi. WorldCat itakuonyesha maktaba zipi duniani zina jarida.

Kwa makala za tangu mwisho wa miaka ya tisini zilizokuwa kwenye tovuti, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, iliyoanza kuhifadhi kurasa 1996. Unahitaji anwani ya zamani ya tovuti. Magazeti yetu yamebadilisha anwani mara nyingi, na viungo vilivyokufa chini ya kurasa za Wikipedia ni mahali pazuri pa kuziokota.

Roboti za mazungumzo? Zitakupa kichwa, mwandishi na tarehe bila kusita, na mara kwa mara makala hiyo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Zitumie kufikiria maneno ya kutafutia, basi.

Sasa vaa viatu

Nairobi ina bahati: mahali pengi pa kutafutia pako katikati ya mji, unazunguka kwa miguu. Piga simu kwanza uulize kama chumba cha magazeti kiko wazi, na kama wanachokitaka ni kitambulisho, barua au ada. Beba kitambulisho, penseli (kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na karatasi nzee sehemu nyingi), daftari, simu iliyojaa chaji na pesa ndogo ndogo za fotokopi. Begi utaliacha mlangoni.

Archives, pale ambapo kila mtu wa Nairobi husubiriwa na mwenzake, ina kazi nyingine zaidi ya kuwa kituo cha miadi. Ni Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, jengo lililokuwa Bank of India, Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Ukipita ukumbi wa mkusanyiko wa sanaa wa Murumbi unafika kwenye chumba cha kusomea. McMillan, Banda Street, karibu na msikiti wa Jamia, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931 na ina magazeti ya zamani sana. Maktaba ya Jomo Kenyatta Memorial ya Chuo Kikuu cha Nairobi ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki. Kama wewe si mwanafunzi, ulizia utaratibu wa wageni. Maktaba kuu ya taifa iko Upper Hill. Watafiti hupenda pia maktaba ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyo Kileleshwa, ambayo ni ndogo na tulivu.

Namna ya kuomba ina uzito. Ukimwambia mkutubi, "Nina makala moja ya zamani kuhusu mafundi wa mabasi," umempa kitendawili. Mwambie, "Naomba jarida fulani, Novemba 1979 hadi Aprili 1980," naye atainuka. Wakutubi wa zamani wana faharasa kichwani isiyopatikana kwenye kompyuta yoyote; wasalimie vizuri, waeleze unamtafutia nani, usiwe na haraka ya mtu aliyeacha teksi inasubiri.

Kufunua nako kuna ustadi. Usisome. Ukianza kusoma umekwisha. Mimi nilipoteza saa nzima kwenye matangazo ya mafuta ya kupikia ya Kimbo na barua za wapenzi. Amua umbo unalolitafuta, kwa mfano picha kubwa upande wa kulia, viatu pembeni, kisha macho yatafute umbo hilo tu. Anza na miezi ya katikati ya dirisha lako, uende nje pande zote mbili. Andika kila toleo ulilolipitia na, la muhimu zaidi, kila toleo ambalo halikuwepo. Mikusanyiko yote ina mapengo, na bila orodha hiyo hutajua kama umekosa makala au umekosa toleo tu.

Kisha soma ukurasa mmoja katika kila toleo: barua kwa mhariri. Wasomaji hulalamika. Makala ikitoka leo, barua kuihusu hutoka wiki ijayo au mwezi ujao, mara nyingi zikitaja tarehe yake. Ukurasa huo mmoja unaweza kukupimia matoleo matatu kwa mpigo.

Hivyo ndivyo nilivyoipata yetu. Nilikuwa nimeyamaliza majarida, nikakumbuka wino, nikaomba gazeti la Jumapili la miezi ileile. Jalada la pili, katika barua, kondakta mmoja alikuwa amekasirika: makala ya wiki iliyopita imewasifu mafundi na kuwasahau makondakta wanaotukanwa kutwa nzima. Nikarudi nyuma toleo moja.

Ukikwama

Tembelea wauza vitabu wa kando ya barabara katikati ya mji, wale wa inama bookshop, ambako unainama kweli. Majarida hukaa chini ya rundo. Waachie jina na miezi unayoitaka, urudi baada ya wiki. Wana mtandao wao wa kupata karatasi kutoka nyumba zinazohamwa. Familia za waandishi, wapigapicha na wachapishaji wa zamani huwa na mafaili pia.

Na kama toleo halipo kabisa Nairobi, huenda liko Marekani. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi hapa mjini tangu 1966, inayonunua machapisho ya eneo letu na kuyapeleka Washington na kwenye maktaba za vyuo vikuu. Maktaba ya Herskovits ya Northwestern University, karibu na Chicago, ni mojawapo ya mikusanyiko mikubwa zaidi duniani ya mambo ya Afrika. Waandikie barua pepe fupi: jarida, mwezi, mwaka, na ukurasa kama unaujua. Ombi la kurasa mbili za toleo moja hujibiwa. Ombi la "kila kitu kuhusu mabasi" hulala.

Ukiipata

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Kisha piga jalada, ukurasa wa yaliyomo, na makala nzima pamoja na ukingo wenye tarehe na namba ya ukurasa. Andika juzuu, namba ya toleo na mahali ulipoikuta, palepale, kabla hujainuka. Nimewahi kutoka na picha safi ya makala ya mtu isiyo na tarehe, nikalazimika kuitafuta mara ya pili. Nakala ya kuweka nyumbani ni jambo moja. Ukitaka kuichapisha, mwenye hakimiliki aombwe.

Nilimpelekea shangazi picha Kaloleni, nimeitoa kopi kubwa. Aliishika mbali, kisha karibu. Mjomba hakuwa ameinama. Aliyeinama ni fundi mwingine; mjomba amesimama ukingoni na spana mkononi, anacheka, nusu ya bega imekatwa. Chini yake, viatu vya kike vyenye kisigino kifupi, na bei.

Nilimwambia naweza kuikata upande huo ili mjomba abaki peke yake, niitie kwenye fremu.

"Usikate," akasema. "Hivyo viatu aliniambia atanunua mwisho wa mwezi. Mpaka leo namdai maelezo."